Mita 60 Kutoka Wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au wa ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa. Hapa Kigoma kifungu hicho kinajulikana hata na watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha sheria, kwa sababu kwao kilifika kikiwa alama ya X nyekundu ukutani, na chini yake tarehe. Ninafanya kazi ya usaidizi wa kisheria katika mitaa ya Kigoma na Ujiji, na katika mashauri yote ya ardhi ninayoletewa hakuna linaloninyima usingizi kama hili la mita 60.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na kifungu chenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, lina samaki wa aina nyingi wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na maji yake hukaa muda mrefu mno kabla ya kubadilika, kwa hiyo uchafu unaoingia leo utaonwa na wajukuu wa wajukuu zetu. Choo cha shimo kilichochimbwa hatua chache kutoka majini ni hatari kwa watoto wanaochota maji hapo hapo kila asubuhi. Ninachokidai ni kwamba mstari ambao mtu anaweza kubomolewa nyumba kwa kuuvuka ni lazima uwepo ardhini kabla hajachimba msingi. Katika sehemu kubwa ya ufukwe wetu mstari huo haupo, na haujawahi kuwepo.

Ugumu unaanzia kwenye ziwa lenyewe. Sheria inasema mita 60 kutoka ufukweni, lakini ufukwe wa Ziwa Tanganyika hautulii mahali pamoja. Ziwa hili hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na mlango wake pekee wa kutolea maji ni Mto Lukuga ulio upande wa Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo maji hupanda, na zikipungua hushuka. Katika karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakapanda hadi yakaupasua mnamo mwaka 1878, na katika miaka isiyofika 20 ziwa likashuka kwa takriban mita kumi. Mtu anayefika Ujiji kutazama mnara wa kumbukumbu mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 hushangaa kuona kwamba maji yako mbali, mamia ya mita kutoka hapo. Sehemu kubwa ya tambarare iliyo kati ya mnara na maji ya leo ilikuwa chini ya ziwa wakati ule. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 maji yalipanda tena hadi yakafikia kilele mwaka 1964. Katikati ya miaka ya 2000 yalishuka sana, na kuanzia mwaka 2019 yakaanza kurudi juu, hadi mwaka 2024 yakakaribia kile kiwango cha 1964. Wakazi wa Katonga na Kibirizi hawahitaji kuelezwa jambo hili, maana waliona mialo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga, ikimezwa na watu wakihamisha vyombo vyao kutoka kwenye nyumba zilizokuwa kavu miaka yote.

Tofauti kati ya miaka ya ukame ya katikati ya 2000 na kilele cha 2024 ni zaidi ya mita mbili za kimo. Kwenye miamba ya Bangwe kimo hicho hakibadilishi kitu kikubwa, kwa sababu ukingo ni wa kusimama na maji hupanda palepale. Kwenye fukwe tambarare za mchanga, na zaidi upande wa delta ya Mto Luiche, hesabu ni nyingine kabisa: ikiwa ardhi inainuka mita moja kwa kila mita 50 za kwenda, maji yakipanda mita mbili ukingo unaingia nchi kavu kwa mita 100. Kwa maneno mengine, mtu aliyejenga mwaka 2006 akiwa mbali na maji kwa mita 120, yaani mara mbili ya umbali unaotakiwa, anaweza kujikuta mwaka 2024 amebakiwa na mita 20 bila kusogeza hata tofali moja. Je, mtu huyo amevunja sheria? Na kama amevunja, aliivunja siku gani?

Nimemwona afisa akipima kwa utepe kuanzia mahali mawimbi yalipofikia siku ile, utepe ukiwa mikononi mwa kijana mmoja aliyekunja suruali hadi magotini. Nyuma ya kijana huyo, ndani ya maji kabisa, kulikuwa na mwembe uliokufa ambao watu wa mtaa wanaukumbuka ukiwa na benchi la kahawa chini yake. Mzee mmoja aliyekuwa akitazama aliuliza kwa adabu, "Mwanangu, mbona usipimie kwenye mwembe?" Afisa hakuwa na jibu, na sidhani kama kosa lilikuwa lake. Sheria haikumpa mahali pa kuanzia, na ofisi iliyomtuma haikumpa ramani.

Hapo ndipo sheria ya mazingira inapotakiwa kushikana mkono na sheria za mipango, na hapo ndipo mikono hiyo inapopishana. Tunayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, inayozipa halmashauri mamlaka ya kupanga kila eneo litumikeje. Tunayo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka huohuo, ambayo inagusa zaidi vijiji. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo inaruhusu maeneo ya vyanzo vya maji kutangazwa kuwa ya hifadhi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa hapa Kigoma. Na kabla ya hizo zote ilikuwepo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo kifungu chake cha 7 kinaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa miongoni mwa ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari.

Neno "kutangazwa" ndilo ninaloomba msomaji alitulizie macho. Kwa Sheria ya Ardhi, ardhi haigeuki kuwa ya hatari kwa sababu tu iko karibu na maji. Waziri huitangaza kwa utaratibu unaowapa walio juu ya ardhi hiyo taarifa na nafasi ya kusema. Kwa Sheria ya Mazingira, katazo linasimama lenyewe tangu siku sheria ilipoanza kutumika. Kwa hiyo kipande kilekile cha mchanga kinaweza kuwa halali kwa macho ya ofisi ya ardhi na haramu kwa macho ya ofisi ya mazingira, na mwananchi aliyepita kwenye dirisha moja haelezwi kwamba kuna dirisha la pili. Mimi naona utaratibu wa Sheria ya Ardhi ndio wenye haki zaidi, kwa sababu unamlazimisha mwenye mamlaka kusimama mbele ya watu, kuonyesha mpaka na kusikiliza kabla ya kuamua. Ni utaratibu mrefu na wa gharama, na nadhani ndiyo maana ofisi nyingi hupenda kukimbilia ile sheria nyingine.

Acha nieleze faili moja ambalo limepita mikononi mwangu, bila kutaja jina wala mtaa. Mama mmoja mjane alikuja na bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni. Ndani yake kulikuwa na hati ya mauziano ya kiwanja iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa ofisi ya mtaa, na saini za mashahidi wanne, wawili kati yao wakiwa wamekwisha kufariki. Kulikuwa na risiti za mchango wa kuvutiwa bomba la maji. Kulikuwa na karatasi za kumbukumbu za umeme, ambazo alizitunza kwa sababu mumewe, Mungu amrehemu, alimwambia asitupe karatasi yoyote yenye jina lao. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo kila alipolipia umeme Serikali ilichukua pia kodi ya nyumba ile. Na juu ya karatasi hizo zote palikuwa na ilani mpya inayosema kwamba nyumba hiyo imo katika eneo la hifadhi ya ziwa na anatakiwa kuiondoa kwa gharama zake mwenyewe.

Nilizipanga karatasi zile mezani kwa tarehe. Muhuri wa mtaa, bomba, umeme, kodi, ilani. Kila moja ilitolewa na chombo cha umma au kwa idhini yake, na hakuna hata moja kabla ya ile ya mwisho iliyotaja ziwa. Alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, kodi waliyonikata watanirudishia?" Nilimweleza kile ambacho sheria inaniruhusu kukieleza: kulipa kodi ya jengo hakuhalalishi jengo, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa haumfanyi mtu kuwa mmiliki mbele ya Kamishna wa Ardhi. Majibu hayo ni sahihi kisheria. Kumtamkia mama wa umri ule maneno hayo ni kazi nzito, na sikubali kwamba sheria iliyotungwa kulinda uhai wa watu na viumbe ilikusudia kuishia hapo.

Watu wengine husema kwamba hao walijenga holela, basi wavune walichopanda. Ningependa wanaosema hivyo watueleze ni wapi mvuvi wa kipato cha chini angepata kiwanja kilichopimwa kwa bei anayoimudu. Upimaji haujawahi kuifikia kasi ya ukuaji wa mji huu, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi, na ndiyo maana Serikali yenyewe iliendesha programu ya urasimishaji wa makazi kuanzia mwaka 2013 hadi 2023, ikikiri kwamba watu wametangulia na mpango umefuata nyuma. Ujiji ni mji uliokuwepo kabla ya Wajerumani kufikisha reli Kigoma mwaka 1914. Kuna familia ambazo makaburi ya wazee wao yako karibu na maji kuliko nyumba zao.

Na si kila kilicho ndani ya mita 60 ni makazi. Dagaa lazima waanikwe karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga. Wanawake wa mialoni ambao zamani waliwaanika juu ya mchanga wamehimizwa kwa miaka mingi watumie vichanja vya nguzo na nyavu, kwa sababu dagaa wa kichanjani hawana mchanga na wana bei nzuri. Kichanja ni nguzo zilizochimbiwa chini, nacho hukaa mwaka mzima. Je, hicho ni cha kudumu kwa maana ya kifungu cha 57? Nimesikia majibu mawili tofauti kutoka kwa maofisa wawili wa Serikali moja. Afisa uvuvi anakisifu kichanja, afisa mazingira anakitilia shaka, na mama mwenye kichanja anaanika dagaa wake akiwa hajui atakayefika kwanza ni yupi. Sheria inamruhusu Waziri kutoa miongozo juu ya shughuli za kingoni. Mwongozo unaotaja kwa majina vichanja, vibanda vya nyavu, gati ndogo za mbao na vyoo vya mwaloni, ukisema kipi kinaruhusiwa na kwa masharti gani, ungeondoa nusu ya migogoro ninayoiona.

Mwekezaji mkubwa hapitii bahati nasibu hii. Mradi wa hoteli au bandari hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, huajiri mshauri elekezi, huandikiwa ripoti, hupewa cheti chenye masharti, na akikosea huonywa na kupewa muda wa kurekebisha. Sisemi kwamba tathmini hizo zote hufanywa vizuri, ila angalau kuna meza ya kukaa na kuzungumza. Nyumba ya vyumba viwili haifanyiwi tathmini, na ni sawa isifanyiwe, kwa sababu peke yake haina athari kubwa. Lakini nyumba mia tano za namna hiyo zikiwa na vyoo vya shimo kwenye ufukwe mmoja zina athari kubwa kuliko hoteli yoyote, na hakuna aliyewahi kuzitathmini kwa pamoja. Sheria imelifikiria hilo pia, maana Sheria ya Mazingira inazungumzia tathmini ya kimkakati, inayofanywa kwa mpango au sera nzima badala ya jengo moja, na kanuni zake zilitoka mwaka 2008. Mpango kabambe wa mji ndio mahali pake hasa. Hapo ndipo pa kuuliza: mji wetu ukifikia ukubwa huu, maji machafu yataelekea wapi, milima ya Mwanga ikijengwa hadi kileleni udongo utashukia wapi, na ziwa likirudi kwenye kimo cha 1964 ni mitaa ipi itakuwa majini?

Mahakama zetu zimewahi kuonyesha jinsi mpango wa mji unavyoweza kuwa ngao ya mazingira. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani walilishitaki Jiji la Dar es Salaam kwa kuwamwagia taka karibu na nyumba zao, katika shauri la Festo Balegele na wenzake, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Moja ya hoja zilizobeba shauri lile ni kwamba mpango kabambe wa Jiji lenyewe ulilitenga eneo hilo kuwa la makazi. Miaka michache kabla yake, katika shauri la Joseph Kessy kuhusu dampo la Tabata, Mahakama hiyohiyo iliegemea ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Mashauri hayo yote yalikuja kabla ya Sheria ya 2004, ambayo sasa inasema wazi kwamba kila mtu aliye Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya na anaweza kwenda mahakamani kuidai. Najiuliza kwa nini sheria ambayo mikononi mwa watu wa Kunduchi ilikuwa kinga, huku kwetu inafika ikiwa amri ya kubomoa peke yake.

Bonde la Msimbazi, huko huko Dar es Salaam, nalo lina funzo ambalo halmashauri zote za pembezoni mwa maji zingepaswa kulisoma. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba nyingi ziliwekewa X na kubomolewa bondeni, watu wakibaki na mabati na magodoro barabarani. Miaka michache baadaye ukaja mradi wa kuliendeleza bonde hilohilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na waliokuwemo wakalipwa fidia ili wapishe. Bonde lilikuwa lilelile na hatari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili kulikuwa na mpango, kulikuwa na fedha, na kulikuwa na masharti ya mkopeshaji. Haipendezi kwamba haki ya mwananchi kulipwa ilingoja masharti ya benki.

Kwetu Kigoma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Gombe, kuanzia mradi wa TACARE uliozinduliwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, watu walikaa na ramani za satelaiti, wakaitambua milima yao, mito yao na makaburi yao, kisha wakatenga misitu ya hifadhi ya vijiji kwenye miinuko ambayo ilikuwa imebaki upara kwa kilimo na kuni. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani na watu wazima wa kijiji wenyewe. Mkulima wa huko anaweza kukuonyesha kwa mkono mahali msitu wa kijiji unapoanzia, kwa sababu yeye au baba yake alikuwepo siku ya kuuweka. Mipango hiyo ina matatizo yake. Vijana wanaongezeka, mashamba hayaongezeki, na msitu unahitaji mlinzi asiyelala njaa. Hata hivyo mpaka unajulikana, na ugomvi wa mpaka unaojulikana una mahali pa kuanzia.

Ufukwe wa mji unaweza kupata kitu cha namna hiyo. Kimo cha maji cha mwaka 1964 kinajulikana, na cha 2024 kimepimwa. Wapima ardhi wanaweza kukichukua kimo hicho cha juu, wakakitembeza kando ya ziwa kutoka Kibirizi hadi Luiche, wakasimika bikoni za zege zinazoonekana, na kutoka hapo mita 60 zikahesabiwa mara moja, bila kujali ziwa limeamka vipi mwaka huo. Mstari huo ukipita katikati ya nyumba za watu, na utapita, basi orodha ya nyumba hizo iandikwe wazi: zilizojengwa kabla ya Sheria ya 2004, zilizojengwa baada yake lakini kabla ya bikoni, na zitakazojengwa baada ya bikoni. Makundi mawili ya kwanza yazungumzwe kwa fidia au kwa viwanja mbadala vilivyo karibu na mialo, kwa maana kumpeleka mvuvi kilomita kumi kutoka majini ni kumwondolea kazi. Kundi la tatu ndilo linalostahili X bila mjadala.

Kuna gharama, najua, na halmashauri yetu si tajiri. Lakini operesheni za kubomoa nazo zina gharama, kesi zina gharama, na kila mara maji yanapopanda Serikali hugharimika kuwahifadhi watu wale wale. Kwa sasa, wakati bikoni hazijawekwa, lipo jambo dogo ambalo halihitaji bajeti: ramani ya mpango wa mji, ikionyesha maeneo ya kingo hata kwa makadirio, inaweza kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya mtaa iliyo kando ya ziwa. Watu huja pale kuandikishiana mauziano ya viwanja karibu kila wiki. Mwenyekiti akiwa na kalamu na muhuri mkononi, ramani ikiwa juu ya kichwa chake, mnunuzi atauliza swali lake kabla ya kuhesabu fedha, na mwenyekiti hataweza kusema kwamba hakujua.